Mkoba wa Mama Ulivyorudi Nakapanya

Mabenchi mawili ya klabu bado yapo barazani kwangu, hapa Mjimwema, Songea. Moja lina mguu mfupi, tunaliwekea kipande cha tofali. Watoto wangu wameshaniambia mara nyingi, mama, uza haya au tuchanje kuni, yanazuia njia. Nawaambia waache. Kila masika mvua ikianza kupiga bati Jumamosi mchana, huwa natoka jikoni kuangalia kama kuna mtu amekaa. Najua hakuna. Naangalia tu.

Klabu yenyewe ilikuwa ya wanafunzi wa chuo, waliokuwa wanasoma mambo ya usalama na ugaidi. Ilikuja kwangu kwa sababu ya kwaya. Chuoni walikuwa wamepewa chumba cha kukutania kila Jumamosi, lakini kwaya nayo ilikuwa inafanya mazoezi chumba cha pili, na ukuta ni wa mbao. Kiongozi wao alikuwa mpangaji wangu, binti wa Mbinga, Mkatoliki, mwembamba, anaongea taratibu kama anapima maneno. Akaja jikoni akasema, mama, tunaomba baraza, hatuwezi kuzungumza mambo ya ugaidi huku sauti ya tatu inaimba haleluya. Nikacheka, nikamwambia waje, ila kwangu kuna utaratibu. Kwanza, kikao kinafunguliwa kwa kumuomba Mungu. Pili, ikiadhiniwa mnanyamaza. Tatu, lile neno bomu mliseme kwa sauti ya chini, majirani wanatwanga hapo nje, watasikia.

Wakakubali yote. Dua wakawa wanapokezana, leo wa Kiislamu, wiki ijayo wa Kikristo. Nilikuwa nawapikia mihogo au mahindi ya kuchemsha na chai ya rangi, wao wananifundisha. Maana na mimi nilikuwa mwanafunzi. Niliolewa nikiwa sijamaliza sekondari, na nilipovuka arobaini nikaanza masomo ya jioni ili nifanye mtihani wa kidato cha nne. Mume wangu misimu mingi yuko shambani Namtumbo, na alinipa baraka zote. Basi klabu ikimaliza mambo yake, yule binti wa Mbinga ananisikiliza Uraia, na kijana mmoja wa Kingoni, mrefu, mpenda utani, ananisahihisha Historia. Yule kijana alikuwa ananiita "mwanafunzi mwenzangu." Nikikosea jibu anasema, "Nyie Wayao ndivyo mlivyo, korosho zinawajaa kichwani." Namwambia afadhali korosho, wewe kwako mna nini zaidi ya maneno.

Siwezi kusema nilielewa yote waliyokuwa wanazungumza. Walikuwa wanasoma habari za nchi za watu, wanachora ramani kwa mkaa kwenye sakafu yangu, wanabishana hasa nani aitwe gaidi na nani asiitwe. Kuna siku mmoja wao alikuwa anataja dalili za kijana anayepotezwa, yaani anayevutwa kwenye ugaidi, akasema, mojawapo ni mtu kuanza kusali sana. Mimi nilikuwa nimeshika sufuria. Nikaiweka chini.

"Basi anzeni na mimi," nikamwambia.

Yule binti wa Mbinga akasema na yeye aandikwe, anakwenda misa ya asubuhi kila siku. Wakacheka, lakini baada ya hapo walibishana jioni nzima kuhusu hilo, na walibishana vizuri. Niliwapenda kwa hilo. Mtu anaweza kubadilisha mawazo yake huku anakula muhogo wako, hamgombani.

Sasa nieleze habari ya mkoba.

Mama yangu alikuwa mtu wa Nakapanya, kule Tunduru, unapovuka Tunduru mjini kuelekea Masasi. Alipofariki, baada ya arobaini tukakaa kugawana vitu vyake, kama kawaida. Mimi niliomba mkoba wake wa ukindu tu. Alikuwa ameusuka mwenyewe, wa kufunika, na pale ulipotoboka chini aliushonea kipande cha khaki cha suruali ya baba. Ndani mlikuwa na doti ya khanga, tasbihi yake na upawa wake wa kifuu. Mama mdogo, yaani mdogo wake mama, naye alikuwa anautaka. Mwishowe akasema nichukue, ila kwa sharti. "Kaa nao mpaka siku zako ziishe," aliniambia. "Ukifa wewe, urudi hapa kwetu, usibaki ugenini." Nikamwahidi mbele ya watu. Kuanzia siku hiyo mkoba ukawa unaning'inia nyuma ya mlango wa stoo yangu, na sikuwahi kutoka nao nje hata sokoni. Siku nikimkumbuka mama naufungua, nanusa khanga, nafunga.

Klabu wakapanga zoezi. Walitaka kuona, mzigo ukiachwa mahali pa watu wengi bila mwenyewe, watu wa mtaa watafanya nini. Watakimbia? Watampigia simu mwenyekiti? Watapeleka polisi? Waliomba ruhusa kituoni na kwa mwenyekiti wa mtaa, wakaruhusiwa, na mwenyekiti akaambiwa asimwambie mtu. Sehemu waliyochagua ni benchi la kusubiria magari, karibu na msikiti na pale anapokaa mama mmoja muuza vitumbua. Wao wangekaa ng'ambo ya barabara kwenye banda la chipsi, wakiangalia.

Ijumaa yule binti akaniuliza kama nina begi la zamani. Nilikuwa natwanga, nikamjibu, angalia nyuma ya mlango wa stoo, chukua hilo. Mimi nilimaanisha begi la shule la mwanangu, lililochanika zipu. Yeye akaona mkoba. Na kwa kweli ukiwa mgeni, ukiangalia pale, mkoba ndio unaouona kwanza. Akaona khanga ndani, akadhani nimeweka ili uwe na uzito. Akanishukuru kabisa, nikamwambia haya, Mungu awatangulie.

Jumamosi mchana nilikuwa darasani, kulikuwa na kipindi cha ziada cha Jiografia. Niliporudi, baraza ilikuwa imejaa matope na vijana wamekaa kama watu waliofiwa. Yule binti akanieleza. Waliweka mzigo, wakakaa wanaangalia. Watu wakawa wanapita, wengine wanausogeza wakae. Ikaja mvua, ile ya kwetu isiyopiga hodi. Kila mtu akakimbilia penye bati, na wao vioo vya banda la chipsi vikawa ukungu mtupu. Ilipokatika, benchi lilikuwa tupu.

"Polisi hawajaletewa kitu," akasema. "Mwenyekiti naye hajaambiwa. Tumeibiwa, mama. Pole, nitakununulia begi lingine."

Nikamwambia asijali, lile begi zipu yake ilishakufa.

"Begi gani?" akauliza. "Mimi nilichukua ule mkoba."

Nikaenda stoo. Begi la zipu lilikuwepo. Msumari wa juu ulikuwa mtupu.

Nilikaa juu ya gunia la mahindi. Nilisema innaa lillahi, maana sikuwa na neno lingine. Sikumpigia kelele yule binti, na naomba ieleweke si kwamba nina moyo mzuri sana, ila alikuwa ameshaanza kulia kabla yangu, na wawili hatuwezi kulia nyumba moja bila wa kupika. Nilimweleza tu ule mkoba ni nini, na ahadi niliyompa mama mdogo. Akawa anajifuta anasema, mama, mimi nimekupotezea mama yako. Nikamwambia mama yangu yuko kwa Mola wake, kilichopotea ni mkoba, na tutautafuta. Lakini ndani yangu nilikuwa najua kwamba ukipotea, sina kitu kingine ambacho mikono yake iligusa. Na nitamwambia nini mama mdogo? Hata kumpigia nisingeweza, simu yangu ilikuwa kwa fundi na namba yake ilikuwa humohumo.

Jumapili yule binti alipotoka misa tukaanzia pale kwenye benchi. Mama wa vitumbua alikuwa anageuza vitumbua vyake. Tukasalimiana, nikamuuliza kama jana kwenye mvua aliona mzigo.

"Ule mkoba wa mama wa Kiyao?" akasema bila hata kuinua macho. "Umeshaondoka. Umepanda basi la asubuhi."

Akatueleza, tena kwa furaha, kama mtu aliyefanya jambo jema, na kweli alifanya. Mvua ilipoanza aliona mkoba wa ukindu unalowa, akauvuta chini ya turubai lake. Hakuufungua peke yake, kwetu mzigo wa mwanamke asiyejulikana haufunguliwi na mtu mmoja. Aliupeleka msikitini, ukatangazwa kwenye kipaza sauti, mwenye mzigo aje. Hakuja mtu. Ndipo wanawake wakaufungua pamoja, mbele ya mashahidi. Wakaona khanga, tasbihi, upawa. Wakasema huyu ni mtu mzima, Muislamu, na ususi huu ni wa Tunduru, atakuwa msafiri amesahau mzigo wake kwenye mvua. Wakaulizana nani Myao hapa mtaani, wakanitaja mimi, wakatuma mtu kwangu, akakuta niko shule. Basi wakamkabidhi kondakta mmoja wanayemfahamu, anayekwenda njia ya Masasi, wakamwambia kila kituo kuanzia Namtumbo autangaze.

"Tungefanyaje?" akasema mama wa vitumbua. "Mtu mzima hawezi kulala bila tasbihi yake."

Yule binti wa Mbinga alikuwa ameduwaa. Akauliza, hilo tangazo lilikuwa saa ngapi, akaambiwa baada ya mvua. "Nilikisikia kipaza sauti," akasema polepole. "Nilidhani ni mambo ya msikiti."

Walikaa wanasubiri ripoti ifike polisi, na ripoti inatangazwa juu ya vichwa vyao. Tulipofika getini akaanza kucheka, na mimi nikacheka, tukacheka huku tumeshikana, halafu nikakumbuka mkoba wangu uko kwenye basi. Barabara ile ni ndefu na vituo ni vingi. Nani atajitokeza kudai mzigo usio wake? Na kondakta akichoka kutangaza? Usiku ule niliuombea kwa kuutaja kabisa, nikasema ya Rabbi, ule mkoba wenye kiraka cha khaki.

Jumatatu jioni klabu walikuja, ingawa haikuwa siku yao. Walikuja kunipa pole. Nilikuwa nimeshavaa kwenda darasani, ila nikasema nile kwanza. Tumekaa barazani na sinia la mihogo katikati, ikaingia bodaboda. Akashuka mama mzee amejifunga khanga kichwani na nyingine kiunoni, kama wanavyojifunga kwetu kwenda msibani. Kifuani amekumbatia mkoba wa mama.

Alikuwa mama mdogo. Kutoka Nakapanya, safari ya siku nzima, na miguu yake ile mibovu.

Vijana wakasimama, wakasema shikamoo bibi. Hakuitikia. Alikuwa ananiangalia mimi. Akaja mpaka mbele yangu, akanishika shavu, akanishika na shavu la pili, akatazama mkono wangu ulioshika muhogo.

"Mbona unakula?" akaniuliza.

Nikamwambia nina njaa, mama.

Akakaa chini, si kwenye benchi, chini kabisa sakafuni, akaweka uso kwenye ule mkoba. Mabega yakawa yanatikisika. Mimi nikapiga magoti pale, sijui hata nini kimetokea. Yule kijana wa Kingoni akamnywesha maji, ndipo akaanza kueleza.

Mama mdogo anauza korosho kwenye mabasi pale Nakapanya. Jumapili basi la Songea liliposimama, alikuwa dirishani na sinia lake, akamsikia kondakta anatangaza mkoba. Akageuka, akaona kiraka cha khaki. Sinia lilimwanguka. Akamuuliza kondakta nani amempa, kondakta akasema ni wanawake wa msikitini Mjimwema, wamesema urudishwe kwao Tunduru. Akaufungua, akakuta khanga imekunjwa vizuri, tasbihi juu yake, kila kitu kimepangwa kwa mikono ya wanawake. Akanipigia simu, haipatikani. Akapiga tena, haipatikani, na namba ya mume wangu hakuwa nayo. Angefikiri nini? Alikuwa amesema kwa mdomo wake mwenyewe kwamba nikifa urudi. Na umerudi, bila mimi.

Nakapanya nzima walikuwa wamekaa tanga langu tangu Jumapili. Yeye amekuja kuwahi maziko, au kama ameshachelewa, basi hata kuliona kaburi.

Nilimwambia apige simu haraka nyumbani. Akapiga kwa simu yake, akawaambia, "Yupo hai. Nimemkuta anakula mihogo." Upande wa pili kukawa na kelele nyingi, halafu akasikiliza, halafu kwa mara ya kwanza akatabasamu. Nikamuuliza wanasemaje.

"Wanamshukuru Mungu," akasema. "Ila wali ulikuwa umeshaiva, wanasema wataula."

Yule kijana wa Kingoni akasema na yeye alikuwa ameshatafuta jembe, maana wao watani wetu ndio wa kuchimba kaburi, sasa kazi yake ya bure nani atamlipa. Mama mdogo akamwambia asubiri, siku yangu itafika tu. Tukacheka sote, na yule binti wa Mbinga alikuwa anacheka na kulia, akaenda akamshika mama mdogo miguu, akasema yeye ndiye aliyeuchukua. Akamweleza yote, zoezi, benchi, mvua. Mama mdogo alisikiliza mpaka mwisho.

"Mnasoma ugaidi," akasema.

"Ndiyo, bibi."

"Na ndani ya mzigo mlitaka watu wadhani kuna nini?"

Binti akajibu kwa sauti ya chini, kama nilivyowazoeza, kwamba kitu kibaya. Na akauliza, kwa heshima kabisa, sasa bibi, kama kweli kingekuwepo? Wale akina mama walikusanyika wote, wakafungua.

Mama mdogo alifikiri. "Basi wangekufa wote na wema wao," akasema. "Ndiyo maana msome. Lakini msiwafundishe kuacha mzigo wa mtu ulowe."

Halafu akasema kitu ambacho sikukitegemea. Akasema jirani yake pale Nakapanya, mwenzake wa kuuza korosho, mwanawe alipigiwa simu akaambiwa kuna kazi nzuri ng'ambo ya mto, nchi ya pili. Akaaga kama anakwenda shamba. Hajarudi, na hakuna anayejua alipo wala yuko na nani.

"Mimi nimelia siku moja, nimekuja, nimekukuta," akasema huku ananiangalia. "Mwenzangu yeye anasubiri hata shati lirudi, ajue moja. Kila basi likisimama anaangalia mikono ya kondakta."

Yule binti alikuwa na kalamu, akaiweka. Walikuwa wamesoma habari za vijana kama hao miezi mingapi, kwenye makaratasi, na nadhani jioni ile ndiyo waliwaona. Ikaadhiniwa magharibi, wakanyamaza kama kawaida. Mimi na mama mdogo tukaingia kuswali. Darasani sikwenda.

Alikaa kwangu wiki hiyo yote, na Jumamosi akakaa kwenye lile benchi la mguu mfupi kama mwanachama. Akawaambia kama wanataka kweli kujua vijana wanapotezwaje, wasikae hapa wanachora sakafu ya watu, wapande basi waende wakakae na akina mama hao, wale korosho zao, wasikilize. Na walikwenda, likizo ile. Mkubwa wao wa chuo aliwasaidia, wakaenda kwa heshima, wakapokelewa. Na zoezi lolote walilofanya hapa mtaani baada ya hapo walianza kwa kumwambia imamu, katekista, na mama wa vitumbua.

Siku ya kuondoka nilimpa mama mdogo ule mkoba. Nilikuwa nimeshaamua. Nikamwambia chukua, umeshafika kwenu mara moja, mimi nimeshindwa kuutunza. Aliupokea, akaufungua, akatoa upawa akauweka kwenye begi lake. Mkoba akanirudishia.

"Lile sharti nalifuta," akaniambia. "Tusiseme tena ukifa mkoba utarudi. Uwe unauleta mwenyewe, uko nao mkononi, nikuone."

Basi ndivyo ninavyofanya. Kila mwaka baada ya mavuno nafunga mkoba wa mama, napanda basi la njia ya Masasi. Tukisimama Nakapanya, wale akina mama wa korosho wanauona kupitia dirishani, halafu wanatafuta uso wa aliyeubeba. Wakiniona wanapiga masinia yao. Yule jirani yake mama mdogo bado yupo pale, bado anaangalia mikono ya kondakta. Namshukia yeye kwanza, kabla ya ndugu zangu. Tunaombeana.

Mtihani nilifaulu, tena Historia ndiyo ilinibeba. Yule kijana wa Kingoni nasikia ni mwalimu sasa. Binti wa Mbinga ameajiriwa mbali, kazi yake ni hiyohiyo ya usalama, na haisemi sana, wala mimi siulizi. Wapangaji wengine walikuja, wakakaa, wakaondoka, hakuna aliyeomba baraza. Kwaya imehamia kwingine.

Ila kila sikukuu, iwe yangu iwe yake, yule binti ananipigia. Hasalimii kwanza. Anauliza mkoba upo, namwambia upo, uko kwenye msumari wake. Kisha nasikia watu wa ofisini kwao nyuma yake.

"Na wewe mama, upo?"

Namwambia nipo, nakula mihogo.